Kipimo Kimoja kwa Baisikeli Nyingi

Nataka kuandika habari za kitu kidogo sana, kadiri ya kisanduku cha kiberiti, kinachofungwa juu ya usukani wa baisikeli ili kuhesabu mwendo. Wengine hukiita saa ya baisikeli, wengine kompyuta ya baisikeli. Mimi nitakiita kipimo cha mwendo, maana ndiyo kazi yake. Hapa kwetu Nyamahanga vipimo hivi ni vichache, na aliye nacho aghalabu amekifunga kwa ajili ya pambo, apate kujua alipoteremka kilima alikwenda mbio kiasi gani. Mimi sikukitafuta kwa pambo. Nilikitafuta kwa sababu ya watoto wa darasa la kwanza, na kwa kuwa sababu hiyo ndiyo iliyoniongoza katika kuchagua, nitaieleza kwanza.

Ng'ambo ya kijito chetu kiko kitongoji ambacho watoto wake husoma katika shule yetu, nao huja kwa miguu. Walio wakubwa hufika, ijapokuwa wamelowa umande hata magotini. Walio wadogo ndio wanaotutia huzuni. Mtoto wa miaka sita aliyeondoka nyumbani alfajiri, tena hana kitu tumboni, akiisha kuketi hulaza kichwa juu ya dawati akasinzia, na mwalimu mwenye moyo hawezi kumwamsha kwa kiboko. Ikija masika wengine hawaonekani tena mpaka mvua ziishe; na mtoto aliyekosa miezi miwili ya darasa la kwanza, wakati wenzake wanapofundishwa kuunganisha silabi, huwa nyuma yao mpaka darasa la nne, kama hakuacha kabisa. Tangu Januari 2016, michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za msingi, wazazi wengi zaidi wameandikisha watoto wao, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini njia haikufupishwa.

Basi wazazi wa kitongoji kile waliazimia kuomba shule shikizi, yaani shule ndogo ya madarasa ya chini, iliyo katika ulezi wa shule kubwa, ili wadogo wasome karibu na kwao mpaka miguu yao ipate nguvu. Hilo si jambo la ndoto. Mwaka 2021, serikali ilipotangaza kujenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 katika hayo yalikuwa ya shule shikizi. Wazazi wakafyatua matofali, wakateua kiwanja, wakaniomba niwaandikie barua.

Nilipokaa kuandika, kalamu ilisimama mahali pamoja: umbali. Karatasi moja ya ofisi niliyoonyeshwa ilisema kutoka kitongojini mpaka shuleni ni kilomita 3. Wazee wa kitongoji walisema ni 8, tena walisema kwa kiapo. Nilipouliza nani aliyepima, sikupata mtu. Naona ile 3 ilitoka katika ramani, kwa mstari ulionyooka, kana kwamba watoto wana mabawa; na ile 8 ilitoka katika uchovu wa miguu. Gari haliwezi kuamua kesi hii, kwa kuwa njia ya watoto ni ya mguu, yapita kati ya migomba na mihogo na kuvuka kijito juu ya magogo. Baisikeli hupita, ila mahali pawili tu pa kushuka na kuisukuma.

Labda msomaji atacheka akisikia kwamba baisikeli yaweza kuaminiwa kupima njia. Asicheke. Njia za mbio za marathoni, zile za kilomita 42 na mita 195, hupimwa kwa baisikeli duniani kote. Mwingereza John Jewell aliandika juu ya upimaji huo mwaka 1961, na mwaka 1971 Alan Jones wa Marekani akabuni chombo kidogo cha meno kinachofungwa katika gurudumu la mbele na kuhesabu mizunguko. Mpimaji kwanza huipitisha baisikeli yake juu ya kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma, ajue hesabu ya gurudumu lake. Ndipo hupima njia. Kisha hurudi tena kwenye kipande kile ahakikishe kwamba gurudumu halikubadilika. Tena huongeza mita 1 katika kila mita 1,000, ili mkimbiaji asije akaambiwa amemaliza hali njia ilikuwa fupi. Na wazo lenyewe ni la kale kuliko baisikeli. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza habari za gari ambalo gurudumu lake likizunguka mara 400 lilikuwa limemaliza maili moja ya Kirumi, na hapo kokoto moja ilidondoka ndani ya chombo cha shaba, ikalia. Msafiri akifika mwisho wa safari alihesabu kokoto zake. Vipimo vyote nitakavyovitaja, isipokuwa kimoja, havifanyi zaidi ya hayo: vyahesabu mizunguko ya gurudumu na kuzidisha kwa urefu wa mzunguko mmoja.

Mtu ataniuliza: Je, Mwalimu, kwa nini usipime kwa baisikeli yako peke yake, jambo likaisha? Kwanza, baisikeli yangu si yangu peke yangu; leo ina gunia la mahindi kwenda mashineni, kesho imempeleka mgonjwa. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, barua ile itasomwa na watu wasionijua. Wakiona namba niliyoipima mimi, mwalimu wa shule ile ile, watasema mwalimu amejipimia atakavyo. Torati yenyewe haikubali neno kuthibitishwa kwa shahidi mmoja. Nilitaka watu watatu au wanne, kila mmoja juu ya baisikeli yake na kwa siku yake, wapime njia ile ile, nasi tuone kama watakubaliana. Fedha ya kununua vipimo vinne haikuwako. Basi kilitakiwa kimoja, chepesi kutumia, kinachoweza kuhama kutoka baisikeli hii mpaka hii bila kuchukua uongo wa gurudumu moja na kuupeleka kwenye gurudumu jingine.

Cha kwanza nilichokifikiri ni kile cha chuma cha zamani, ambacho baadhi ya wazee bado wanakikumbuka kwenye baisikeli za Kiingereza. Vya namna hiyo vilienea sana kwa kazi ya Curtis Veeder, Mmarekani, ambaye kampuni yake ilianza Hartford mwaka 1895. Kijiti kidogo kilifungwa katika spoki. Kila gurudumu lilipozunguka, kijiti kiligonga nyota ya chuma iliyo kando, nyota ikasukuma meno, na namba zikapanda. Hakikutaka betri wala waya, nami nakipenda kwa hayo. Lakini meno yake yalikatwa kiwandani kwa gurudumu la kadiri moja tu. Kile cha inchi 28 ukikifunga kwenye gurudumu la inchi 26, mtu aliyekwenda kilomita 13 ataambiwa amekwenda 14, wala hakuna skrubu ya kukirekebisha. Kwa mtu mwenye baisikeli moja ni chombo chema cha maisha. Kwetu sisi hakikufaa.

Kipimo ambacho hakijali gurudumu ni kile kinachosoma setilaiti, nacho wengi wetu tunacho mfukoni ndani ya simu. Lazima nikiseme kwa haki: kwa baisikeli nyingi hakuna kilicho chepesi zaidi, maana hakikuulizi gurudumu lako ni la kadiri gani, waweza kukichukua hata kwa miguu. Lakini simu njema kijijini huwa moja kwa nyumba nzima, na mwenye simu hapendi kuiona imefungwa juu ya usukani katika njia ya mawe. Betri yake hushuka upesi katika kazi hiyo. Tena kipimo hiki huweka alama moja hapa na moja pale, kisha huunganisha alama kwa mistari iliyonyooka, hata njia yenye kona nyingi hukatwa pembe. Na chini ya majani mazito, au bondeni, alama huyumba huku na huku. Niliijaribu simu ya jirani mara mbili kwenye njia moja, nayo ilinipa majibu mawili yaliyopishana kwa mita 200. Viko vipimo vya baisikeli vilivyotengenezwa kwa kazi hii ya setilaiti peke yake, tena vizuri, lakini bei yake hupita bei ya baisikeli yenyewe.

Baki yake ni vile vya sumaku. Sumaku ndogo hukazwa katika spoki ya gurudumu la mbele. Juu ya uma wa mbele hufungwa kidude kinachoihisi. Kila sumaku ikipita, mzunguko mmoja huhesabiwa. Katika hivi viko vya waya na visivyo na waya. Visivyo na waya huhama kwa urahisi, kwa kuwa ni kufungua kamba mbili za mpira tu na kuzifunga kwingine, na hivyo ndivyo watu wa mjini wanavyovisifu. Mimi sikuvichagua. Vina betri mbili badala ya moja, na betri ya pili ikianza kufa, kipimo hakisemi kwamba kimeumwa. Huruka mizunguko mingine kimya kimya na kuendelea kuonyesha namba kama kawaida. Chombo kinachokufa kabisa ni heri kuliko chombo kinachokosea bila dalili. Waya ukikatika, namba husimama sifuri, na hata mtoto atajua.

Basi nilichagua cha waya, tena cha bei ya chini, kilichokaribia bei ya tairi moja jipya. Nilikiagiza Mwanza kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Kina betri moja ya duara kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, ambayo hupatikana hata katika maduka ya saa. Lakini hapa nataka msomaji afungue macho, maana vipimo vya bei hiyo vyafanana kwa sura na kutofautiana kwa jambo moja kubwa. Vingine hukupa kuchagua inchi tu: 20, 24, 26, 28, basi. Vingine hukuruhusu kuandika urefu wa mzunguko kwa milimita, namba nne unazozitia wewe mwenyewe kwa kubonyeza kitufe. Vingine tena huweka akiba ya magurudumu mawili, la kwanza na la pili, navyo vyafaa sana kwa mtu na mkewe. Kwa baisikeli nne hapana budi uandike upya hata hivyo. Dukani usiulize kina kazi ngapi. Chenye kazi kumi na tano na chenye kazi tano huhesabu mizunguko ile ile. Uliza: Je, kitanikubalia milimita? Kama muuzaji hajui, mwombe karatasi iliyo ndani ya kisanduku, uitafute mwenyewe.

Na kwa nini milimita, si inchi? Kwa sababu inchi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi ni jina tu, si kipimo. Tulikuwa na baisikeli nne. Yangu na ya mwinjilisti ni za inchi 28, zile ndefu za chuma tunazozijua wote. Ya mama mhudumu wa afya ni ya inchi 26, yenye tairi nene la meno. Ya binti mmoja mshonaji nayo ni ya inchi 26, ya mtumba kutoka Ujapani, yenye kikapu mbele. Mtu angedhani hizi mbili za mwisho zina gurudumu moja. Lakini inama usome ubavuni mwa tairi, utaona namba nyingine ndogo: katika ile ya mama ni 50-559, katika ile ya binti ni 37-590. Namba ya pili ndiyo upana wa ringi kutoka ukingo hata ukingo mahali tairi linapokaa, kwa milimita, na ndiyo sababu tairi la moja haliingii katika nyingine, jambo ambalo kila fundi wa baisikeli analijua kwa jasho lake. Kwetu wawili ni 40-635. Hivyo katika "inchi 26" mna magurudumu mawili mbalimbali, na kipimo kinachojua inchi tu hakiwezi kuyatenganisha.

Namna ya kupata milimita ni hii, nayo haitaki elimu kubwa. Tulijaza upepo magurudumu yote. Tukachagua mahali pagumu palipo sawa, kwenye uwanja wa shule. Gurudumu la mbele liliwekwa mahali ambapo valvu yake iko chini kabisa, tukatia alama ardhini kwa msumari. Kisha mwenye baisikeli akapanda juu ya tandiko, maana tairi likikaliwa hubonyea, na gurudumu lililobonyea ni fupi kuliko lisilokaliwa. Mtu mmoja akamshika bega, mwingine akaisukuma polepole kwa mstari ulionyooka mpaka valvu irudi chini mara ya kumi. Tukatia alama ya pili, tukapima kwa futikamba ya mwashi, tukagawa kwa kumi. Yangu ilikuwa milimita 2,235. Ya mwinjilisti 2,224, kwa kuwa tairi lake limelika. Ya binti 2,070. Ya mama mhudumu 2,048. Wanafunzi wa darasa la sita walifanya hesabu zote hizi ubaoni, nami sijapata kuona somo la duara likipendwa namna ile. Kila namba tuliiandika kwa rangi chini ya tandiko la baisikeli yake, isipotee.

Haifai kuhangaika kupita kiasi. Ukikosea milimita 10 katika gurudumu kama langu, utakuwa umekosea kama mita 4 na nusu katika kila kilomita. Katika njia yetu yote haifiki mita 25. Hakuna ofisi itakayokataa shule kwa mita 25. Linalodhuru ni kuhamisha kipimo na kusahau kuibadili namba.

Katika kukihamisha, kazi ni ndogo ila yataka uangalifu. Sumaku isiwe mbali na kidude chake kuliko unene wa penseli, la sivyo hakihesabu. Vile vitanzi vya plastiki vinavyokuja na chombo hukatwa kila unapokifungua, wala havirudi tena. Sisi tulifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, navyo vyashika vizuri kuliko plastiki na havisikii jua. Waya uzungushwe kwenye uma mpaka juu, usiachwe kuning'inia, maana mashina ya mihogo ni mikasi. Mvua ikinyesha, chomoa kipimo ukitie mfukoni. Na kabla ya kutoa betri, andika namba zako kwenye karatasi, kwa kuwa vingi vya bei hii husahau kila kitu betri ikitoka.

Tukapima. Mimi nilitoka kitongojini siku ya Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya watoto, nikawafuata watoto wenyewe badala ya kuchagua njia yangu, na mahali pa kushuka nilisukuma bila kuinua gurudumu. Kipimo kilionyesha kilomita 5.42 mlangoni pa shule. Mwinjilisti siku ya Jumatano alipata 5.40. Mama mhudumu wa afya siku ya Ijumaa alipata 5.41. Binti mshonaji hakwenda, kwa kuwa alikuwa na nguo za harusi. Magurudumu matatu ya urefu mbalimbali, watu watatu wa uzito mbalimbali, na hawakupishana hata mita 25. Nilifurahi kama mtu aliyeona hesabu yake imekubali, nikaenda jioni ile ile kuwaambia wazee.

Wazee hawakufurahi. Walikuwa wamesema 8, nami nimewaletea 5.4. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinivuta kando. Alikuwa ameshika maana ya kipimo kile upesi kuliko wengine wote, akasema, "Mwalimu, nisikilize. Umesema baisikeli ya mama ina namba yake na yako ina namba yake. Je, yule mama akipanda ya kwake, na ndani ya chombo imebaki namba ya kwako, kitasema nini?" Nikamwambia kwamba kitasema zaidi. "Zaidi kiasi gani?" Nikafanya hesabu mavumbini kwa kijiti, kwa kuwa nisingeweza kumnyima mzee jibu la hesabu. Gurudumu la mama lilizunguka mara 2,642 hivi. Mara 2,048 ni mita 5,411. Mara 2,235 ni mita 5,905. "Karibu sita," akasema. "Basi si uongo. Chombo chenyewe ndicho kitakachosema. Nani atakayejua chini ya tandiko pameandikwa nini?"

Sikumwona kuwa mtu mbaya, wala sasa simwoni hivyo. Mjukuu wake ni mmoja wa wale wanaolala juu ya dawati. Nilimjibu kwamba wakija kupima wenyewe na kukuta 5.4, hawatasema chombo kimekosea. Watasema kitongoji kile ni cha waongo, na matofali yetu yatayeyuka kwa mvua. Tena nilimwambia, kwa heshima, kwamba mimi siwezi kuitia sahihi yangu. Akanyamaza, naye hakuridhika.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akichambua maharage pembeni, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema, "Mwalimu, njia uliyoipima siyo wanayopita mwezi wa nne." Tukamgeukia. Akaeleza jambo ambalo kila mtu pale alilijua na hakuna aliyelitaja: masika yakianza, kijito hujaa na kuyachukua yale magogo, na watoto huzunguka juu mpaka kwenye daraja la barabara, kisha hushuka tena upande wa pili. Mzee akapiga paja lake akasema hiyo ndiyo 8 yake. Alikuwa akihesabu njia ya mvua tangu mwanzo.

Jumatatu iliyofuata tukaipima. Safari hii binti mshonaji alikuwa na nafasi, naye akaanza, na 2,070 yake ikaandikwa ndani ya chombo mbele ya wazee, kila mmoja akisoma. Akapata kilomita 7.72. Mwinjilisti alipata 7.70. Mzee mwenyewe alitaka kwenda, akachukua baisikeli yangu, tukatia 2,235, akarudi baada ya saa nyingi, matope hata kiunoni, na kipimo kikionyesha 7.73. Tangu siku ile hajaniambia tena neno la namba sita.

Katika barua tuliandika njia zote mbili: wakati wa kiangazi kilomita 5.4, wakati wa masika 7.7. Tukaeleza kwa sentensi tatu namna tulivyopima, tukataja urefu wa kila gurudumu, na waliopima wakatia sahihi, naye mzee katikati yao. Nikaambatanisha na daftari la mahudhurio ya darasa la kwanza, Februari kando ya Aprili, ili msomaji wa ofisini aone kwamba namba hizi mbili na zile zinakwenda pamoja.

Jibu halijafika bado. Matofali yamefunikwa kwa nyasi. Kipimo sasa kiko kwa mwinjilisti, ambaye anataka kujua umbali wa makanisa yake matatu ya vijijini, na baada yake mama mhudumu wa afya amekiomba kwa ajili ya nyumba za wajawazito anaowatembelea. Sumaku nimezipata mbili za ziada kwa fundi wa redio, hata kila baisikeli karibu ina yake, na imebaki kuhamisha waya tu.